Mwaka Nilioomba Giza

Tulimzika mama mdogo Kahama siku ya Ijumaa, manyunyu yakitulowesha taratibu, na kesho yake, watu walipoanza kupungua na masufuria ya kuazima kurudishwa yalikotoka, akaja mgeni niliyemtambua kwa sauti kabla hajamaliza kuvua viatu mlangoni. Alikuwa Dokta Salome, daktari wa macho. Mara ya mwisho kukaa naye chumba kimoja nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, naye alikuwa ametoka chuoni si zamani. Sauti ya mtu huzeeka polepole kuliko magoti yake. Alikaa mkekani kwa kuguna, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Pole, Kabula. Pole sana, mdogo wangu." Akanyamaza kama inavyopasa msibani, akanywa chai, akala andazi, akalisifu andazi, ndipo akasema kilichomleta mbali na rambirambi. Kulikuwa na utafiti. Kifaa kidogo kinapandikizwa nyuma ya jicho, kinapokea picha kutoka kwenye kamera iliyofungwa kwenye miwani, kisha kinauamsha ule mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Watafiti walikuwa wanatafuta watu waliowahi kuona na sasa hawaoni kabisa. "Waliponiuliza nani anafaa, nilikufikiria wewe," alisema. "Lakini usinijibu kwa machungu ya msiba. Nipo mjini hadi kesho." Nikamwomba arudi jioni.

Nikaingia chumbani kwa mama mdogo, nikaurudisha mlango, nikajilaza kitandani kwake. Mto ulikuwa bado na harufu ya mafuta yake ya nywele na moshi wa mkaa, moshi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Nje walikuwa wanabishana turubai ni la nani. Niliwasikia kwa mbali, maana mimi nilikuwa nimeshaondoka pale, nimerudi kwenye mwaka ule nilioishi naye nyuma ya mgahawa wake, mwaka ambao nilimwomba Mungu anipofushe upesi.

Mgahawa ulikuwa nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, karibu na stendi ya mabasi. Mbele kulikuwa na chumba cha wateja chenye kuta za mbao na mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa; nyuma tulikuwa na chumba cha kulala, na stoo ya mchele, mkaa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikakauka. Asubuhi tulipika supu ya ng'ombe na chapati kwa ajili ya madereva wa malori waliopakia Isaka na kuelekea Rwanda. Mchana wali, ugali, na sato wa Chato kama basi halikuchelewa. Jioni mama mdogo alichemsha michembe na karanga, chakula ambacho hakukiuza; kilikuwa chetu na cha wachache aliowapenda. Siku nzima mashine zilinguruma na vumbi la pumba likaingia dirishani na kutua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Nikiukumbuka mwaka ule naukumbuka ukiwa na rangi hiyo ya pumba, kila mtu akitembea ndani ya ukungu wa njano, akija na kuyeyuka, na hadi leo sijui ni kiasi gani cha ukungu ule kilikuwa cha Kahama na kiasi gani kilikuwa cha macho yangu.

Mama mdogo hakuzaa. Wateja walimwita Mama Kabula kwa ajili yangu, naye aliitika kwa sauti kubwa kana kwamba jina hilo alilipigania mahakamani. Miongoni mwa aliowapenda, ingawa aliapa kwamba hampendi, alikuwa Masanja, mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Geita, aliyekuja mara kwa mara kununua mchele wa kambi yao na kukaa meza ya karibu na jiko muda mrefu kuliko mchele ulivyohitaji. Mama mdogo akimfuma anamkodolea, alimuuliza anatazama nini. "Macho hayana pazia, Mama Kabula," Masanja alijibu, na wateja wakacheka, nami nikacheka nao. Sikujua kwamba yangu yalikuwa nalo, na kwamba lilikuwa limeanza kuvutwa kutoka pande zote.

Kwetu Usukumani binti hampiti mkubwa bila kumsalimia. Na humsalimii ukiwa umesimama wima kama mlingoti. Unapiga goti, unaitikiwa, unaulizwa habari za nyumbani, ndipo unaendelea na safari yako. Mimi nilianza kuwapita watu. Nilikuja kulijua hilo nikiwa stoo napepeta mchele, kwa maana ukuta ule wa mbao haukuwahi kuficha siri ya mtu. Wazee wawili walikuwa wanakunywa chai upande wa pili. Mmoja alikuwa Mzee Lufunga, mwenye mashine ya kukoboa.

"Yule binti wa hapa jana kanipita kama nimekuwa nguzo," alisema.

"Amesoma yule. Kamaliza kidato cha nne."

"Kwa hiyo shule ndiyo inayofundisha kupita watu?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Wangu yuko Mwanza, akija ananipungia mkono."

Niliumia, kwa sababu sikukumbuka kumpita mtu yeyote. Kwangu jana ile njia ilikuwa tupu. Nikajitungia dawa yangu: nikaanza kusalimia kila kitu kilichosimama. Nilimsalimia ndama aliyefungwa nyuma ya mashine. Nililisalimia koti lililoanikwa. Giza likiingia nilikuwa kama kuku, natafuta tu pa kutua, lakini hilo sikulishangaa, nilidhani watu wote usiku huona vile na wananizidi ujasiri tu. Mwenda pole hajikwai, wanasema. Mimi nilikwenda pole na ndoo za watu nikazipiga teke. Malalamiko yalipozidi, mama mdogo akaamua nikaombe radhi kama desturi ilivyo. Akanibebesha kuku jike, akanifunga khanga vizuri, akanipeleka barazani kwa Mzee Lufunga. Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi, katikati yao gunia la pumba, na juu ya gunia mmoja wao alikuwa ametua kofia yake. Nikapiga goti. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia Mzee Lufunga. Akaitika. "Mwangaluka, baba," nikaliambia gunia.

Wakacheka wote. Mama mdogo ndiye aliyecheka zaidi, na alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa. Nikacheka nami kwa aibu. Kisha yule mzee wa pembeni, ambaye sikumsalimia kwa sababu kwangu hakuwapo, akakohoa, na mimi nikaruka kwa mshtuko hadi kuku akaniponyoka. Kicheko cha mama mdogo kikakatika. Nikamsikia anakuja kusimama ubavuni mwangu. "Kabula, tazama mbele, usigeuke. Nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vidole gani?" nikauliza.

Mashine iliendelea kunguruma. Kisha Mzee Lufunga akasema taratibu, "Huyu mtoto hana kiburi," na akakataa kumpokea kuku. Tulimkamata tukarudi naye nyumbani, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumchinja.

Wiki hiyo hiyo tulisikia kwamba watafiti wa magonjwa ya macho wako hospitalini Shinyanga mjini, mama mdogo akaufunga mgahawa, jambo ambalo hakulifanya hata kwa malaria. Chumba chao kilikuwa na madirisha yaliyofunikwa kwa mablanketi meusi. Walinitia matone yaliyowasha, dunia ikawa nyeupe na laini, pembe zote za vitu zikalegea. Dokta Salome akaniambia niweke kidevu kwenye chuma na nitazame sikio lake, na wakati yeye anachungulia ndani ya jicho langu kwa taa, mimi nilikuwa na kazi moja tu, sikio lile na hereni yake ndogo, na nilijisikia mtulivu ajabu, kama mtu anayesinzia kanisani. Alipomaliza akakunja karatasi ikawa bomba, akampa mama mdogo achungulie. "Hivi ndivyo anavyoona," alimwambia. Utando ule wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga ulikuwa unakufa kutoka pembeni kuja katikati, na wakati ule hakukuwa na dawa ya kuuzuia. Mama mdogo alichungulia kwenye lile bomba kwa muda mrefu. Akanitazama mimi, akatazama mlango, akatazama miguu yake. Hakulirudisha, alitoka nalo mkononi.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikisubiri macho yatulie, na ndipo nilipowasikia wakizungumza mle ndani. Sauti ya mwanamume mzee iliuliza au kusema kuhusu kifaa ambacho wenzao ng'ambo wameanza kukijaribu, cha kupandikiza ndani ya jicho. "Hicho si kwa huyu," Dokta Salome alijibu. "Wanachukua walio gizani kabisa. Huyu bado anaona sana." Alipotoka nikamuuliza kuhusu kifaa hicho. Akaniambia kwa upole nisikitegemee, kwamba ni jambo la maabara bado, kwamba hata huko waliopewa ni wachache mno. Yote hayo niliyasikia. Lakini niliporudi Kahama nilibaki na sentensi moja tu: huyu bado anaona sana.

Akili ya miaka kumi na tisa ina njia zake. Nilijiambia kwamba kama kifaa ni cha waliomo gizani kabisa, basi kidirisha cha kuonea nilichobakiwa nacho ndicho kinachonizuia, na kadiri kitakavyofungwa mapema ndivyo nitakavyofunguliwa mapema. Jumapili waumini waliniombea uponyaji, wakaniwekea mikono kichwani, nami chini ya mikono ile niliomba kinyume chao. Nyumbani nilianza kujifunga kitenge machoni. Nilipepeta mchele nimejifunga, nilichambua dagaa nimejifunga, nikajifunza kuijua stoo kwa vidole. Na humo ndani ya kitenge kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Kulikuwa na cheche zinazoelea, za kijani na zambarau, zikipanda na kushuka kama zinapumua. Leo najua ni jinsi utando unaokufa unavyojirushia mwanga wake wa mwisho. Wakati ule niliamini ni dalili njema, kwamba giza langu lilikuwa linaiva. Nilikaa juu ya magunia saa nzima nikizitazama, mashine zikinguruma, nikijiona tayari ng'ambo, nimelala kwenye kitanda cheupe, watu wanafungua bandeji na dunia inarudi yote kwa mara moja, pana, na pembe zake zote.

Mama mdogo alinikuta hivyo mchana mmoja. "Umejifunga nini usoni?"

"Najizoesha."

"Unajizoesha nini?"

Nikamwambia yote, na nilimwambia kwa furaha, maana nilidhani naye atafurahi. Nilisikia gunia likilalamika alipokaa.

"Kwa hiyo una tonge mkononi," akasema, "unalitupa ili wakuone una njaa."

"Wakiniona nina njaa watanipa sinia."

"Nani? Wako wapi hao? Wamekuahidi?"

"Hawajaahidi."

"Basi kula tonge lako." Akanifungua kitenge kwa mikono iliyonuka vitunguu, na alikuwa analia, nami nilimchukia kwa kulia kwake. Nilimchukia kabisa, kwa siku kadhaa, kama vijana wanavyoweza kumchukia mtu huku wanakula chakula chake. Kitenge niliendelea kujifunga akiwa sokoni.

Kilichonibadilisha hakikuwa maneno. Masanja alikuwa amemwomba mama mdogo muda mrefu aende Geita akaone anakoishi, na baada ya mavuno ya mpunga akakubali, kwenda kuangalia, alisema, kama nyumba ina paa. Alinichukua kwa sababu mwanamke haendi peke yake kukaguliwa wala kukagua. Sikutaka kwenda. Basi lilitupitisha kwenye vumbi jekundu ambalo nililiona vipande vipande, kipande cha kilima, kipande cha ng'ombe, na nilipochoka kuviunganisha niliyafumba macho. Masanja alitupeleka kwanza mwaloni, mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Karasha, zile mashine za kusagia, zilikuwa zinapiga mawe hata kifua kinatetemeka. Watu walipita wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" na mimi sikuwaona, niliona mkono uliopakwa tope, ukingo wa karai, nikasukumwa, nikasukumwa tena. Nilitamani kitenge changu.

"Binti, njoo hapa," Masanja akaniita. Alikuwa amechuchumaa kwenye maji, anazungusha karai. "Inama. Tazama hapa kwenye kidole changu."

Nikainama. Maji yalizunguka na kuondoka na mchanga mwekundu, yakazunguka na kuondoka na mchanga mweusi, na pembeni ya ule weusi ikabaki chembe moja ya dhahabu, ndogo kuliko kichwa cha pini. Sikuelewa mara moja ni nini kilichonipata. Chembe ile ilikaa katikati ya kidirisha changu, na pembeni yake nafasi ikabaki. Kwa miezi mingi kila nilichotazama kilikuwa kimekatwa: nusu ya uso, ukingo wa sahani, mtu asiye na mabega. Hiki kilikuwa kizima. Kilikuwa na mwanzo na mwisho, na vyote nilikuwa navyo kwa wakati mmoja. Nikaanza kulia, machozi yakianguka ndani ya karai la watu.

"Unalia nini? Si yako hiyo," mama mdogo akasema.

"Inaenea," nikamwambia.

"Nini inaenea?"

"Yote. Naiona yote."

Masanja aliacha kuzungusha. Kulikuwa na watu nyuma yake wakingoja sehemu ya kuoshea, na mmoja akaanza kulalamika, lakini hakusogea. "Itazame tu," alisema. "Kutazamwa hakuipunguzi." Akalishika karai vile vile, bila kutikisika, hadi nilipotosheka. Nyumba yake ilikuwa na paa. Mama mdogo alimkatalia mwaka ule ili asionekane ana haraka, akamkubali mwaka uliofuata, na ndiye huyo mzee mgane aliyekuwa nje akibishania turubai ili asipate nafasi ya kufikiri.

Tangu siku ile niliacha kuomba giza, si kwa sababu niliona ni dhambi, bali kwa sababu nilipata shughuli. Nilianza kutafuta vitu vinavyoenea. Punje ya mchele inaenea, na ukiitazama vizuri ina kibonyeo upande mmoja kama imeumwa na jino dogo. Siafu anaenea, hata na pumba aliyoibeba. Kifungo kinaenea, na tone la mafuta juu ya supu. Nilipita siku nzima nikitembea kwenye dunia ya vitu vidogo, na dunia hiyo haikuwa ndogo hata kidogo. Na mama mdogo, ambaye hakuwahi kuona haya ya kusifiwa, alikaa mbele yangu kwenye kigoda baada ya chakula na kusema, "Haya, nitazame na mimi, mbona unamaliza macho kwa siafu." Uso wake haukuenea. Nilimchukua kwa vipande: mwanya wa meno ya mbele, kovu la tetekuwanga karibu na nyusi, tundu la sikio lililovutwa na hereni nzito. Alitulia. Mwanamke yule asiyeweza kukaa chini hata akila, alitulia. Ninavyo vipande vyake vyote hadi leo, lakini sijawahi kuviona pamoja, na nikimwota huja hivyo hivyo, mwanya peke yake, ukicheka.

Dirisha halikufungwa mwaka ule. Lilisinyaa kwa miaka mingi, polepole, na siku lilipofungwa siijui, kama mtu asivyojua dakika aliyopitiwa na usingizi. Nilikuwa nimeshajifunza nukta nundu wakati huo, na nimezifundisha Shinyanga tangu hapo, na nimekuwa mtu wa kawaida, mwenye madeni ya kawaida na furaha za kawaida. Kuhusu kifaa, nilikisikia redioni mara moja nikiwa napiga pasi. Nilizima redio nikamaliza nguo.

Dokta Salome alirudi jioni kama alivyoahidi. Tulikaa jikoni, kwa sababu sebuleni Masanja alikuwa amelala hatimaye. Mtu fulani alituletea michembe, tukala bila sukari.

"Sitaki kukudanganya," alianza. "Kile cha wakati ule, waliokitengeneza walikuja kuacha. Waliopandikizwa wamebaki na kitu jichoni, kikiharibika hakuna fundi."

"Na hiki?"

"Kinaweza kuishia hivyo hivyo. Na ni upasuaji, na mafunzo ya muda mrefu."

"Lakini sasa nimefaulu," nikasema. "Siku ile ulisema bado naona sana."

Nilisikia kijiko chake kikisimama. "Ulitusikia."

"Nilikuwa kwenye benchi, mlango ulikuwa wazi. Nilikwenda nyumbani nikaomba nipofuke upesi, ili niwe wa kwanza kwenye foleni."

"Kabula," alisema. Akanishika mkono, nikamwacha aushike, maana nilikuwa sina hasira tena ya kumpa wala ya kumnyima. Nikamuuliza nitaona nini hasa. Akaniambia bila kupamba. Mwanga na kivuli. Dirisha likiwa wazi. Sahani nyeupe juu ya meza nyeusi, nikifanya mazoezi. Sura za watu, hapana.

Nilifikiri juu ya hilo. Msichana yule wa kitenge angelitupa jibu hilo dirishani. Yeye alitaka dunia yote, na kwa mara moja. Na sura pekee ambayo mimi ningetoa jicho langu kwa ajili ya kuiona nzima tulikuwa tumeizika jana.

"Mtu akisimama mlangoni," Dokta Salome alisema, "utajua kuna mtu. Lakini hutajua ni nani."

"Nitamuuliza," nikamwambia.